Theluji ya kwenye picha haina baridi

Nimekuwa kimya wiki mbili, mitihani ilinibana kooni. Leo nina dukuduku, wacha nilitoe.

Wabongo tulioko huku Helsinki tuna ugonjwa mmoja. Theluji ikianguka tu, koti mgongoni, mbio bandarini kupiga picha. Nyuma Kauppatori, pembeni kivuko cha Suomenlinna, chini weupeee. Dakika tano baadaye picha iko Tanzania. Na mimi nimo, tena mstari wa mbele.

Sisemi bandari si nzuri. Ni nzuri mno. Baridi ikikaza, bahari inatoa moshi kama sufuria ya uji, halafu inaganda. Meli za kuvunja barafu zikiwa hazina kazi zinapumzika Katajanokka, na mtu wa pwani kama mimi akiziona anabaki mdomo wazi: meli ya kuvunja bahari!

Lakini anayejua kamera ataniunga mkono hapa. Kamera ikiona theluji nyingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, theluji inatoka kijivu. Ukisimama hapo wewe mweusi mwenzangu, sura inakuwa mkaa mtupu, yanabaki meno. Kwa hiyo unaongeza mwanga mpaka uso uonekane. Uso unaonekana kweli, ila siku nzima ya kijivu nyuma yako nayo inang'aa kama sikukuu. Ili mimi nionekane, giza lote limefutwa. Na giza ndiyo habari yenyewe! Desemba huku jua linachomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, saa tisa na robo alasiri limeshazama.

Sasa sikieni yaliyonikuta. Mwaka jana nilituma nyumbani picha ya namna hiyo. Nyumbani ni Masaki. Najua mmeshaanza, "kumbe mtoto wa kishua!" Hapana jamani, Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya Dar ya mabalozi. Mnaona? Hata jina bila maelezo linadanganya.

Juzi mama akapiga simu. Mdogo wangu anataka kuuza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu baba, mikorosho na kila kitu, ampe wakala mmoja wa safari. Wakala kamwambia kusoma Finland ni bure. Hiyo ilikuwa kweli zamani. Tangu 2017 sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa ada kwenye shahada za Kiingereza. Mama akauliza, "Mwanangu, huko kuna nafasi kweli? Maana kwenye picha unang'aa."

Nilikosa la kusema. Ile picha niliipiga nikitoka kusafisha ofisi za watu tangu saa kumi alfajiri. Koti lilikuwa la kuazima. Mama hajui, sikuwahi kumwambia.

Nikampigia dogo, nikamweleza yote. Akanijibu, "Kaka, mbona wewe umeenda?" Swali la haki hilo. Na sijutii kuja, chuo ni kizuri, walimu wanasikiliza. Nikamtumia picha nyingine: dirisha langu saa kumi jioni, nje giza totoro. Ndoo na mopu. Risiti ya ada. Picha za hovyo kabisa, hazina hata mtu ndani. Akasema ataliacha shamba kwanza, afikirie. Sijui kama kanielewa au kanihurumia tu.

Wapo watakaosema picha za mopu ni kuwatia wazazi simanzi na kujidhalilisha. Nawaelewa. Lakini kipi kinamtia mzazi simanzi zaidi, kujua mwanawe anabeba boksi, au kukosa shamba kwa sababu ya koti la kuazima?

Si kwamba tuache kupiga picha. Septemba 2005 kaka Issa Michuzi alianzisha blogu yake papa hapa Helsinki, na kilichowashika watu wengi ni kwamba chini ya picha palikuwa na maneno: nani, wapi, kuna nini. Na sisi tufanye hivyo. Ukituma theluji, andika chini: nyuzi kumi chini ya sifuri, saa nane mchana, nimetoka kazini, vidole siviskii. Mistari miwili tu, haikugharimu kitu.

Jumamosi hii narudi bandarini. Nitapiga moja bila kuongeza mwanga, theluji ya kijivu, mimi mkaa, niitume Masaki hivyo hivyo na maelezo yake. Mama atauliza mbona nimefifia. Safari hii nitamjibu.

Ni hayo tu kwa leo. Au nyie mnasemaje?