NANI ALIYEMROGA MTOTO?



Posa inapopelekwa katika nyumba zetu za Kariakoo, Gerezani na Ilala, maswali huwa mengi. Kijana ni wa nani? Je, anaswali? Ana kazi gani? Mama yake mtu wa wapi, na bibi yake je? Mshenga huenda na kurudi mpaka viatu vinalika. Shangazi huulizia mtaa wa Sikukuu, mjomba huulizia mtaa wa Mchikichi, na wazee hukaa barazani wakichambua ukoo mmoja baada ya mwingine kama watu wachambuao mchele. Yote hayo ni mema, na hatuyapingi. Lakini liko swali moja lisiloulizwa, na kwa kutoulizwa kwake tunazika watoto. Swali lenyewe ni hili: hawa wawili wamebeba nini katika damu yao?

Tazama yanayofuata baada ya harusi. Mtoto huzaliwa mzima, mzuri, akafanyiwa akika na watu wakafurahi. Miezi michache ikipita, vidole na nyayo huvimba, naye hulia usiku kucha bila mtu kujua analilia nini. Macho huwa ya manjano. Damu hupungua, akaongezwa, ikapungua tena. Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Wifi husema jambo, jirani huongeza lake, na mwishowe mtoto hupelekwa kwa mganga akachanjwa chale katika mwili ambao tayari hauna damu ya kutosha.

Nimeyaona haya kwa macho yangu katika mtaa mmoja usio mbali na uwanja wa Mnazi Mmoja. Mama alizika mtoto wa kwanza, akazika wa pili. Ndugu wa mume wakasema mwanamke huyu ana mkosi, na wengine wakasema kwao wana uchawi. Akapewa talaka, akatoka na sanduku lake. Mume akaoa mwingine. Katika muda wote huo hakuna hata mtu mmoja aliyesema: na huyu mwanamume naye apimwe.

Ugonjwa huu ni nini?

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Mwenyezi Mungu amejaalia ndani ya damu yetu chembe nyekundu zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha mwili mzima. Chembe ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo na laini, hupenya hata katika mishipa myembamba kabisa. Chembe ya mgonjwa wa selimundu, inapopungukiwa na hewa hiyo, hujikunja na kuwa ngumu, umbo lake kama mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa na kuziba njia, na hapo ndipo yanapotoka maumivu makali ya mifupa, na pengine kiharusi kwa mtoto mdogo. Tena hufa mapema kuliko chembe za kawaida, na ndiyo sababu damu haimtoshi mgonjwa.

Habari hizi si ngeni. Daktari James Herrick wa Chicago aliziandika chembe za umbo hilo mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro imo katika himoglobini, kitu kile kinachoipa damu wekundu wake. Baadaye Vernon Ingram akaonyesha kuwa tofauti baina ya himoglobini nzima na ile yenye kasoro ni ya kijipande kimoja tu.

Wala usidhani kuwa ni shida ya watu wachache. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Pasipo uangalizi, nusu yao au zaidi hukadiriwa kufa kabla ya kutimiza miaka 5. Hapo Muhimbili, mwendo wa miguu tu kutoka Mnazi Mmoja, kazi ya kuwafuatilia wagonjwa hawa iliyoanzishwa mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani imejulikana ulimwengu mzima. Ni ajabu iliyoje kwamba wageni wanatoka mbali kuja kujifunza hapo, nasi wa jirani tunampita daktari tukaenda kwa mpiga ramli!

Je, kosa ni la mama?

La, hasha! Na hili ndilo nataka kila baba alisome mara mbili.

Kila mtu amerithi jeni ya himoglobini mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Akirithi iliyo nzima kwa mmoja na yenye kasoro kwa mwingine, yeye si mgonjwa. Atakula, atafanya kazi, atazeeka, na huenda asijue maisha yake yote kuwa amebeba kitu. Huyo ndiye mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuleta mbebaji kama wazazi wake, na moja katika nne ya kuleta mtoto asiyebeba kitu. Wala mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Asije mtu akasema, "Mmoja ameugua, basi watatu wajao ni salama." Hesabu huanza upya kila mara.

Lakini mbebaji akiolewa na asiyebeba kitu, hawatapata mtoto mgonjwa wa selimundu. Watapata wazima na wabebaji tu.

Sasa pima kwa akili yako, ewe uliyempa mkeo talaka kwa sababu ya mtoto. Mtoto hawi mgonjwa mpaka apokee kasoro pande zote mbili. Alichokipata kwa mama yake, alikipata na kwako pia, kwa kipimo kile kile. Ulipomwita mkeo mwenye mkosi ulijiita na nafsi yako. Na yule mke wa pili uliyemwoa, kama naye ni mbebaji, utayaona yale yale uliyoyakimbia, kwa maana uliyatoa nyumba ya kwanza ukayapeleka ya pili ndani ya mishipa yako mwenyewe.

Kwa nini pwani yetu?

Mtu atauliza: ikiwa kasoro hii inaua watoto kabla hawajazaa, mbona haikutoweka zamani?

Jawabu lilitafutwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Akaona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza: pwani na ziwa vina nini ambacho milima haina? Vina mbu, vina malaria. Mwaka 1954 akatangaza kuwa mbebaji hukingwa na malaria. Wengi walitia shaka, lakini uchunguzi uliofanywa baadaye, ukiwemo wa Kilifi, umethibitisha: kinga ya mbebaji dhidi ya malaria kali hufikia kiasi cha asilimia 90.

Basi hivi ndivyo ilivyokwenda kwa maelfu ya miaka. Katika nchi ya mbu, watoto wengi wasiobeba kitu walikufa kwa malaria, na wenye kasoro pande zote mbili walikufa kwa selimundu. Aliyebeba moja alisalia, akaoa, akazaa, na kizazi chake kikaongezeka. Hivyo ndivyo mazingira yanavyobadili urithi wa umma mzima bila mtu kujua. Wapo watakaokunja uso wakisikia maneno haya, wakidhani tunawauzia falsafa za watu. Sivyo. Lolote uaminilo juu ya mwanzo wa viumbe, jambo hili limehesabiwa katika watoto wa pwani hii hii, na mahali ambapo malaria haipo, faida hiyo nayo haipo. Uliokuwa ukuta wa kukinga kijiji unabaki kuwa mzigo kwa mtoto.

Na liangalie hili kwa makini, ewe mzazi: kinga hiyo ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Mtoto mwenye selimundu akipata malaria yumo hatarini kuliko mwenzake. Chandarua kikiwa kimoja nyumbani, ndiye wa kwanza kulazwa chini yake.

"Damu yetu ni safi"

Wapo wajivunao kuwa ukoo wao haukuchanganyika, na kwamba maradhi haya ni ya watu wengine. Hebu nikukumbushe jambo. Ule uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, tunaposali Idi na watoto wakacheza mpira, haukuachwa wazi kwa ajili ya Idi. Wakoloni waliuacha uwe mpaka kati ya Kariakoo ya Waafrika na mji wa wengine, na kisingizio chao kilikuwa afya. Walidhani uwanja utatenganisha maradhi kama ulivyotenganisha watu.

Damu haikuujua mpaka huo. Jeni ya selimundu imo Afrika, imo Qatif na sehemu nyingine za Uarabuni, imo India, imo Ugiriki na Sisilia. Oman wamepima wagonjwa wao wakakuta alama za urithi wa Afrika na alama za urithi wa Uarabuni na India, zote katika taifa moja. Basi wewe unayejisifu kwa nasaba, kipimo hakitakuuliza babu yako alishuka jahazi gani.

Na kwa wenye desturi ya kuoza binamu kwa binamu ili mali isitoke nje: sheria imeruhusu ndoa hiyo, haikuiamrisha. Babu mmoja akiwa mbebaji, kila mjukuu ana nafasi moja katika nne ya kuirithi kasoro kwa njia ya babu huyo peke yake. Ukiwakutanisha wajukuu wawili bila kupima, umechunga mali na umeacha watoto.

"Kupima ni kushindana na Qadari"

Hii ndiyo hoja isemwayo kwa sauti kubwa zaidi. Nasi tunawajibu kwa kisa wakijuacho. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuwa huko kuna tauni, aliwarudisha watu. Alipoulizwa iwapo anakimbia Qadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika Qadari ya Mwenyezi Mungu na kwenda katika Qadari ya Mwenyezi Mungu. Je, wewe ni mwenye tawakkul kuliko Umar? Mbona mlango wako una komeo, na chakula chako kina kawa?

Nchi za Kiislamu hazikuona haya. Saudi Arabia na Bahrain zimelazimisha kipimo hiki kabla ya nikaha tangu mwaka 2004. Saudia, majibu yakitoka, wachumba huelezwa, na uamuzi wa kuoana au kutooana hubaki wao. Hakuna ndoa iliyoharamishwa. Kilichokatazwa ni kuingia gizani.

Basi tufanye nini?

Kwanza, vijana wapimwe kabla ya posa, mapenzi hayajawa mazito na kadi hazijachapwa. Ni damu kidogo tu, na gharama yake haifiki ya sufuria moja ya biriani ya harusi. Wapimwe wote wawili. Na majibu ni amana. Anayeyatangaza barazani au jikoni amefanya khiyana. Tusije tukakigeuza kipimo kuwa fimbo ya kuwapigia mabinti, kwani mbebaji si mgonjwa, wala hana aibu.

Pili, waliokwisha oana na wana mashaka, wampime mtoto mapema, hata siku za mwanzo. Mtoto ajulikanaye mapema hupewa dawa ya penisilini kumkinga na vijidudu, folik asidi, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo majaribio yaliyofanywa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi yalionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na vifo. Watoto kama hawa leo wanasoma, wanaoa na wanalea.

Tatu, dua ziendelee, lakini kombe lisishike nafasi ya hospitali.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni kwa wagonjwa hawa. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani kati yetu atazitoa? Lakini swali moja wakati wa posa, hilo sote tunaliweza.

Yule mama wa sanduku yu hai mpaka leo. Hajaolewa tena, maana jina la mkosi lilimtangulia kila alikohamia. Waliompa jina hilo husali safu ya mbele. Ndugu yangu, kama kwenu yuko mwanamke wa namna hiyo, nenda ukamtake radhi leo. Kisha ndipo umpeleke mwanao akapimwe.

Wabillahi tawfiq.