Kukunja si Kuvunja



Januari 2021 shule za Kenya zilifunguliwa kikamilifu, baada ya Korona kuzifunga tangu Machi 2020. Mara katika baadhi ya shule wanafunzi wakawashambulia walimu. Waziri wa Elimu wa wakati huo akapendekeza viboko virudishwe, na wazazi wengi wakaitikia. Sisi tunasema: hiyo ni dawa iliyotolewa kabla ya kumsikiliza mgonjwa.

Watoto hao walikuwa wametoka wapi? Walitoka katika nyumba ambamo riziki ilikatika na ugomvi ukaingia, mbali na rafiki na mwalimu wa kuwaambia. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Wako waliofiwa bila kuaga. Hata makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, walioruhusiwa kuingia walikuwa wa miaka 13 hadi 58. Mtoto alibaki nje. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Waliporudi shuleni walipokelewa kwa mihula iliyofupishwa, mtihani juu ya mtihani, hadi kalenda ilipotengemaa mwaka 2023. Mabweni yalipochomwa mwishoni mwa 2021, wimbo ukawa ule ule: utovu wa nidhamu.

Hatumtetei anayechoma bweni. Kosa ni kosa. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na akili nayo inakataa: mtoto mwenye majonzi akichapwa hasemi, hunyamaza zaidi.

Wako wanaosema janga limepita, tusahau. Aliyekuwa darasa la nne wakati ule leo ni kijana, na mzigo ambao hakuna aliyemtua bado anao.

Kwa hiyo tunadai: mwalimu mshauri apunguziwe vipindi, apate nafasi ya kusikiliza, wajumbe wetu katika bodi za shule wapinge fimbo waziwazi, na kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge kikao cha kuwasikiliza vijana, bila kuwahukumu.

Wapenda fimbo hutukumbusha: samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini kukunja si kuvunja.