MZIGO NI WA TAJIRI, FAINI NI YA DEREVA

Ndugu wafanyakazi wa usafirishaji, na ninyi ndugu zetu mnaojenga na kutengeneza barabara,

Kila msimu wa mvua unapokwisha, malumbano huanza kati yetu. Madereva husema barabara zimeoza kwa sababu waliozijenga waliiba lami. Wafanyakazi wa barabara hujibu kwamba mashimo ni kazi ya madereva wanaobeba mizigo kupita kiasi. Katika malumbano hayo yuko mtu wa tatu ambaye hatajwi kabisa, ingawa ndiye aliyetoa amri mzigo upandishwe garini. Makala haya yanataka kumtaja. Lakini ili tumtaje kwa haki, hatuna budi kwanza kuelewa barabara ni kitu gani na hufa namna gani.

Watu wengi hudhani kwamba lami ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Lami ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kokoto, chini ya kokoto kuna tabaka la changarawe au kifusi kilichoshindiliwa kwa rola, na chini kabisa kuna udongo wa asili. Kazi ya matabaka hayo ni kuutawanya uzito wa gurudumu, ili ukifika chini kwenye udongo uwe umeenea mahali papana na usiweze kuubonyeza. Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyeishi kati ya mwaka 1756 na 1836, alifundisha kwamba udongo wa asili ndio hasa unaobeba uzito wote, nao utaubeba vizuri maadamu ni mkavu. Ndiyo maana barabara huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na ndiyo maana huchimbwa mitaro na kuwekwa makalvati. Mfanyakazi anayezibua mtaro kwa jembe anafanya kazi ya uhandisi, hata kama analipwa kama kibarua wa siku.

Sasa tuje kwenye uzito. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walifanya majaribio ya barabara zenye unene mbalimbali. Wanajeshi waliendesha malori yenye uzito mbalimbali juu ya barabara hizo, wakizunguka mchana na usiku kwa muda wa miaka miwili, mpaka nyingine zikavunjika kabisa. Kutokana na majaribio hayo ikapatikana kanuni ambayo wahandisi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Kanuni hiyo inasema kwamba madhara ya ekseli moja kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito wake. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara huongezeka karibu mara 16.

Tufanye hesabu hii polepole, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo haki yetu. Chukua ekseli iliyoruhusiwa kubeba tani 10. Ukiipakia tani 12, mwenye mzigo amepata nyongeza ya tani 2, yaani asilimia 20. Barabara nayo imepata madhara zaidi ya mara mbili. Ukiipakia tani 15, mwenye mzigo amepata nusu zaidi, na barabara imeumizwa mara tano. Barabara iliyopangwa kuishi miaka 20 kwa ekseli za tani 10, ikipitiwa na ekseli za tani 12 peke yake, haitamaliza miaka 10. Lami hupasuka, mvua ya masika huingia katika nyufa, udongo wa chini hulowa, na yale aliyoonya McAdam hutimia. Wakati huo gari dogo lenye nusu tani kwa ekseli haliumizi karibu kitu. Ingehitajika mipito 160,000 ya ekseli kama hiyo ili kufikia madhara ya mpito mmoja wa ekseli ya tani 10.

Kwa hiyo kinachopimwa si ukubwa wa gari tu, bali jinsi uzito ulivyogawanywa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana, na tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Trela yenye tani 24 juu ya ekseli tatu ni halali. Lakini ukiinyanyua ekseli moja ili kuokoa matairi, zile mbili zilizobaki hubeba tani 12 kila moja, na madhara hupanda zaidi ya mara tatu ingawa mzigo haukuongezeka hata kilo.

Sasa tuulize: nani anaamua uzito huo? Dereva anayetoka Mombasa kuja Kampala, au kupita kwenda Kigali, hukabidhiwa kontena likiwa limefungwa kwa lakiri. Haruhusiwi kulifungua. Hajui kama vitu vizito vimerundikwa nyuma au mbele. Akifika kwenye mizani, iwe Mariakani au Gilgil kwa wenzetu wa Kenya, au Lukaya huku kwetu Uganda, anayesimamishwa ni yeye. Anayelala chini ya gari siku mbili akingoja fedha za faini ni yeye na utingo wake. Mwenye mzigo yuko nyumbani kwake, amelala. Waswahili walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wenye mizigo husema hawakujua uzito. Jibu hilo halifai tena. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lililojaa lithibitishwe uzito kabla ya kupakiwa melini. Maana yake ni kwamba kontena linapoteremshwa bandarini Mombasa uzito wake umekwisha kuandikwa kwenye karatasi. Mwenye mzigo anaweza kuujua. Wakala wake anaweza kuujua. Anayekodisha gari lisilo na ekseli za kutosha kuubeba amechagua mwenyewe. Na kwa mzigo wa ndani, kama mchanga, mawe na saruji, mpakiaji yuko palepale. Anaona kwa macho tipa linavyolala juu ya springi zake. Mara nyingi njia kutoka machimboni hadi mjini haipiti kwenye mizani yoyote.

Matajiri wa magari wana hoja yao, na inafaa tuisikilize. Wanasema bei ya dizeli iko juu, nauli ya mzigo iko chini, na asiyezidisha mzigo atanyang'anywa kazi na mwenzake anayezidisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inatupeleka mahali tofauti na wanapotaka wao. Kila mmoja akizidisha, nauli hushuka zaidi, na faida yote huishia kwa mwenye mzigo. Mwenye gari hubaki na springi zilizokatika na matairi yaliyopasuka. Umma hubaki na barabara ya kujengwa upya kwa kodi. Dereva hubaki na breki zilizochemka kwenye mteremko kama ule wa Sachangwan, akiomba Mungu. Ushindani ukiruhusiwa kuendeshwa kwa kuvunja sheria, mwaminifu ndiye anayefilisika. Basi hata mwenye gari mwaminifu anahitaji sheria imguse mwenye mzigo.

Hatutajificha nyuma ya maneno. Wako miongoni mwetu wanaochukua mzigo wa njiani wakishapita mizani, na wako wanaofunga noti ndani ya karatasi za gari. Jambo hilo ni aibu, nalo huwapa maadui wa wafanyakazi fimbo ya kutuchapia. Lakini tuulize pia sababu zake. Dereva anayelipwa kwa safari au kwa tani, asiye na mkataba, anayejua kwamba wako kumi langoni wanaotaka usukani wake, hana nguvu ya kusema hapana. Shirika la Kazi Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019 kuhusu kazi zenye staha na usalama barabarani, lilitambua kwamba namna dereva anavyolipwa inahusiana moja kwa moja na usalama wa barabara. Mshahara ni sehemu ya uhandisi wa barabara, sawa na kokoto na lami.

Wala hatuombi jambo ambalo halijafanywa mahali pengine. Huko Australia sheria ya magari mazito iliyoanza kutumika katika majimbo mengi mwaka 2014 haimwangalii dereva peke yake. Inamwangalia pia anayetuma mzigo, anayeupakia na anayepanga ratiba ya safari. Kila mmoja katika mnyororo huo anawajibika kwa sehemu yake.

Kwa hiyo tunapendekeza chama chetu kisimamie mambo manne katika kila mazungumzo na waajiri na serikali.

Kwanza, mzigo upimwe mahali unapopakiwa, ekseli kwa ekseli, na mpakiaji atie sahihi yake kwenye hati ya uzito kabla gari halijaondoka.

Pili, uzito ukizidi, jina la mwenye mzigo na la mpakiaji liandikwe kwenye karatasi ya kosa, na faini iwafuate wao. Dereva aliyeongeza mzigo njiani kwa tamaa yake abebe lake.

Tatu, mkataba wa pamoja useme waziwazi kwamba dereva anayekataa kuondoa gari lililozidishwa mzigo hafukuzwi wala hakatwi mshahara.

Nne, dereva na utingo walipwe mshahara wa mwezi, na malipo ya kwa tani yakomeshwe.

Nanyi ndugu wa barabara, mambo haya manne ni yenu pia. Kiraka mnachokitia leo juani kitang'olewa kesho na ekseli ya tani 15, kisha mtaambiwa kazi yenu ni mbovu. Msikubali kuambiwa hivyo peke yenu. Katika mkutano ujao wa tawi, kila dereva aje na nakala za hati zake za mizani za miezi mitatu iliyopita, na kila mfanyakazi wa barabara aje na orodha ya sehemu anazozitia viraka mara kwa mara. Tukiziweka karatasi hizo pamoja mezani, tutaona ni mizigo ya nani inayopita wapi, na tutakwenda kwa mwajiri na kwa waziri tukiwa na hesabu mkononi.