Mita au futi? Wapiga mbizi wakubaliane kabla ya kuzama

WAHENGA walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Leo mpiga mbizi huyapima kwa kifaa alichokifunga mkononi. Swali ni je, kwa kipimo gani?

Katika pwani yetu, kuanzia Diani hadi Watamu, wageni kutoka Ulaya aghalabu huwa wamezoea mita na bari, ilhali wengi wa Wamarekani hufunzwa kwa futi na ratili kwa kila inchi ya mraba. Juu ya maji tofauti hiyo ni ya kutaniana. Chini, ambako ishara za mikono ndizo lugha, inaweza kuponza maisha.

Chukulia mgeni anaonyesha vidole vitano kueleza hewa iliyosalia mtungini. Kwa aliyezoea bari, hiyo ni 50, akiba ya kurejea juu. Kwa Mmarekani huenda ni ratili 500, yaani takriban bari 34. Karibu thuluthi ya akiba imetoweka katika tafsiri!

Mwaka wa 1983, ndege ya Air Canada iliishiwa na mafuta angani baada ya ratili kuchanganywa na kilo. Abiria walinusurika, lakini funzo lilibaki: hatari haimo katika kipimo chenyewe, imo katika kuvichanganya viwili.

Hata hivyo, mita na bari zina wepesi wake. Shinikizo huongezeka kwa takriban bari moja kila mita 10, au futi 33. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400 za hewa. Ukitenga bari 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Katika kina cha mita 20 shinikizo ni bari 3, hivyo anayevuta lita 20 kwa dakika nchi kavu atatumia 60, na hewa itamtosha dakika 30. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa shule ya msingi ataimudu.

Maadamu mita na lita ndizo tunazotumia shuleni na sokoni, waongozaji wetu wazishikilie. Fauka ya hayo, kila kikundi kilinganishe vifaa kabla ya kuzama, na anayeulizwa kuhusu hewa aonyeshe geji yenyewe. Mapatano hayo na yafanyiwe mashuani, kwani chini ya maji hakuna mkalimani.