Msimtwike Mhudumu Hatia ya Mwenye Ng'ombe



Leo kabla hujasoma maneno yangu, fungua Kutoka 21, mstari wa 28 hadi wa 30, usome mwenyewe polepole. Ni habari ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Kama ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, anauawa yeye, mwenyewe anaachiliwa. Lakini kama alizoea kupiga watu pembe, na mwenyewe ameonywa, na hakumfunga, Torati inamgeukia mwenye ng'ombe. Nimepekua sura nzima nikitafuta mahali inaposema kijana wa kuchunga, yule wa mshahara, ndiye ashtakiwe. Sijapaona.

Nimeanza hapo kwa sababu kuna neno linazunguka siku hizi: kamari ya kuwajibika. Utalisikia mwisho wa tangazo la redio, limesomwa mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Utaliona kwa herufi ndogo chini ya bango. Na sasa limefika kwa watoto wetu walio kazini: wale wa kaunta za kubeti, wahudumu wa hoteli na baa zenye mashine, mabinti wa kasino za Westlands na Kilimani wanaorudi Kawangware na Kibera alfajiri wakati nyinyi mnaenda maombi ya asubuhi. Wanaitwa semina. Wanafundishwa jinsi ya kumtambua mteja aliyezidiwa na kamari na jinsi ya kuongea naye kwa upole.

Msinielewe vibaya. Mafunzo yenyewe si mabaya. Ukiyasikiliza utadhani ni darasa la ushauri wa kichungaji. Mhudumu anaambiwa aangalie mtu aliyekaa kwa mashine saa nyingi bila kula. Aangalie anayekopa kwa jirani, anayepiga mashine ngumi, anayemdanganya mkewe kwa simu kwamba yuko kwa foleni ya matatu, anayeongeza dau kila akipoteza ili arudishe kilichokwenda. Aulize kitambulisho, asimpe mtoto nafasi. Amletee mtu maji, amwambie apumzike, amwonyeshe namba ya washauri, amweleze kwamba anaweza kuomba afungiwe asiruhusiwe kucheza tena. Mambo mazuri haya. Hata sisi kanisani kuna mashemasi wangefaidika.

Ugomvi wangu ni huu: mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe, anabaki na maziwa, halafu anampa kijana fimbo na cheti na kumwambia, "Akipiga mtu pembe, ni wewe hukuangalia."

Nitawaeleza kisa cha binti mmoja wa kanisa letu. Nimebadilisha mambo machache asijulikane. Anafanya kazi kwa nyumba moja ya michezo ya kubahatisha, jina nitaliacha. Walifundishwa asubuhi moja, wakanywa chai, wakapewa vyeti, wakapigwa picha. Wiki chache baadaye, Jumamosi jioni, akaingia fundi wa mjengo na mshahara wa wiki mfukoni. Kufika saa tatu usiku huyo baba alikuwa amebaki na nauli tu, na mkono ulikuwa unaenda kwa hiyo nauli. Binti akafanya alivyofundishwa. Akaleta maji. Akasema, "Baba, pumzika leo." Yule mzee akasimama, akashukuru, akaenda.

Unajua msimamizi alimwambia nini? "Umeandikwa kazi kuhudumia wateja, si kuwafukuza." Wiki iliyofuata zamu zake zikapunguzwa kutoka sita hadi tatu. Cheti bado kimetundikwa ukutani, kwenye fremu, na jina lake limeandikwa vizuri.

Sasa niambieni. Mtu mwenye watoto wawili, nyumba ya mabati hapo Gatina, karo ya muhula haijaisha, na anajua kila mteja atakayemwambia "pumzika" anaweza kumpunguzia zamu. Semina gani itashinda hiyo hesabu? Bwana Yesu alisema habari za mabwana wawili, Mathayo 6, na huyu binti wamemweka katikati yao wakamvalisha sare. Zaidi ya hayo, kwa kasino anaambiwa amletee mchezaji chakula na kinywaji cha bure ili asiondoke kwa kiti. Kwa mkono wa kulia anamshika mtu asisimame, kwa mkono wa kushoto anampa karatasi ya ushauri. Habakuki 2:15 ina ole kwa anayemnywesha jirani yake ili amwaibishe. Ole hiyo inamtafuta aliyepanga karamu. Anayebeba sinia si yeye aliyeipanga.

Wengine wataniambia, "Mchungaji, huko ng'ambo mafunzo haya yamesaidia." Twende huko basi. Australia ndiko wahudumu wa hoteli na klabu zenye mashine za kamari wanasomea cheti chao kabisa, na katika majimbo kama New South Wales na Victoria huwezi kusimama karibu na mashine hizo bila mafunzo. Miaka mingi sasa. Na ni nchi hiyo hiyo inayotajwa kila mara kuwa watu wake wanapoteza pesa nyingi zaidi kwa kamari, ukigawanya kwa kila mtu mzima, kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 2021 tume ya uchunguzi ya jimbo la Victoria ilitoa ripoti juu ya kasino ya Crown pale Melbourne, kampuni iliyokuwa ikijisifu kwamba inawajali wachezaji wake kuliko wengine. Tume ikasema kampuni hiyo haifai kushika leseni. Vyeti vilikuwepo, mabango ya kuwajibika yalikuwepo, na watu waliendelea kuachwa wakicheza saa juu ya saa. Hata hivyo haikufungwa, iliachwa iendelee chini ya msimamizi. Kama mafunzo peke yake yangeokoa, Melbourne ingekuwa imeokoka.

Rudi nyumbani. Hapa kwetu hata huyo mhudumu ni anasa. Ukitoka Olympic ukiteremka Gatwekera, au ukishuka stage ya 46 pale Kawangware ukaingia ndani ndani, mashine ya Mchina imesimama nyuma ya pazia la duka la unga. Inakula sarafu. Mwenye duka anapata fungu lake, na anayeisimamia ni mtoto wa shangazi aliyetumwa auze mafuta ya taa. Machifu na polisi huja, huzibeba, huzivunja, huzichoma moto watu wakipiga picha. Baada ya muda pazia linarudi, na nyuma yake kuna mashine nyingine. Huyo mtoto wa shangazi nani amempeleka semina?

Halafu kuna simu. Hapa ndipo neno "kuwajibika" linanichoma zaidi. Ile michezo ya ndege, raundi moja ni sekunde chache, kijana amelala kitandani saa nane usiku, M-Pesa mkononi, ikiisha anafuliza. Hakuna kaunta. Hakuna binti wa kumletea maji. Hakuna mtu wa kuona anavyolia. Lakini kampuni inaona! Kompyuta yao inajua ameweka pesa mara ngapi usiku huo, ametoka mia hadi elfu, anacheza saa ambazo watu wamelala, na ameanza siku ile ile mshahara ulipoingia. Dalili zote wanazomfundisha binti wa kaunta wazikodolee macho, wao wanazo kwa tarakimu. Wangetaka kumwambia "pumzika," wangeifunga akaunti kwa sekunde moja. Badala yake anapokea ujumbe: umepewa beti ya bure, rudi. Ng'ombe ana pembe, mwenyewe anajua, na anafungua zizi kwa mkono wake.

Na msiniambie sheria imemaliza. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kubeti, SportPesa ikiwa mojawapo, tukashangilia. Mwaka uliofuata SportPesa ilikuwa imerudi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30. Agosti mwaka huo huo Rais akatia sahihi Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, ile ya 1966 ikastaafu, na tukapata mamlaka mpya ya kusimamia. Nashukuru Mungu kwa hatua hiyo, kusema kweli. Imesema dau la mtandaoni lisiwe chini ya shilingi 20. Ni jambo jema, lakini shilingi 20 Kibera ni mandazi mawili ya mtoto, bado mtu ataiweka. Na kumbukeni kwamba tangu Julai 2025 ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, asilimia 5 inaenda kwa ushuru kabla hata mpira haujaanza. Anayekusanya ushuru mlangoni atakuwa na haraka gani ya kufunga mlango? Soma Matendo 16 uone mabwana wa yule kijakazi walivyokasirika walipoona faida yao imetoka. Hawakuuliza kama msichana amepona.

Ninachodai ni kidogo na kinaeleweka. Mhudumu apewe haki, kwa maandishi, ya kukataa dau la mtu aliyezidiwa, na asipunguziwe hata zamu moja kwa sababu hiyo. Mshahara wake usipimwe kwa pesa zilizoachwa mezani. Na mteja akimalizwa mbele ya dalili zote, anayeitwa kujibu awe mwenye leseni, si binti wa kaunta anayetupiwa lawama ili faili lifungwe. Mstari wa 30 unataja fidia. Anayelipa fidia ni mwenye ng'ombe.

Na sisi wa madhabahu tusijifiche nyuma ya kwaya. Makuhani wa Mathayo 27, pamoja na uovu wao wote, walikataa kuingiza kwa hazina fedha iliyorudishwa na Yuda. Siku hizi kuna harambee ambapo bahasha ya kampuni ya kubeti inapokelewa kwa vigelegele. Kuna mahali mtu anatoa ushuhuda wa jakpoti na watu wanapiga makofi, na mke wa jirani yake aliyepoteza kila kitu kwa jakpoti hiyo hiyo ameketi mstari wa nyuma. Kuna pia mahubiri ya "panda elfu uvune laki kabla ya Ijumaa." Niseme nini? Kijana aliyelelewa na mahubiri hayo, ukimpeleka duka la beti anaona ni ibada anayoijua, tofauti ni kwamba huku wanampa risiti.

Kwa ndugu na dada zangu mnaofanya kazi hizo: sitawatoa kanisani. Watu wengine wameniandikia kwa siri wakitaka nitangaze kwamba anayehudumu kasino asishiriki Meza ya Bwana. Sitatangaza. Najua mmetafuta kazi nyingine, najua wengine mlisomea hoteli kwa pesa za ng'ombe wa nyanya, mkamaliza, na nafasi iliyopatikana ikawa hiyo. Kama kuna mlango wa kutoka, tutausukuma pamoja. Kama haujafunguka, bado wewe ni macho ya pekee yaliyobaki ndani ya chumba kile. Yule fundi wa mjengo alifika nyumbani na nauli yake kwa sababu ya glasi ya maji.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na beti inaendelea kwa dirisha lingine la simu, sikutukani. Mwambie mtu mmoja leo. Mpe mkeo au mama yako namba yako ya siri ya M-Pesa kwa mwezi mmoja. Andikia kampuni wakufungie, na uhifadhi jibu lao.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni tutakaa na wanaofanya kazi kwa kaunta, baa na kasino. Atakuwepo wakili mmoja wa kanisa, atasoma na nyinyi mikataba yenu ya kazi, mstari kwa mstari, bila malipo. Kuja na karatasi yako, hata kama ni picha kwa simu. Wenye zamu ya usiku, njooni Alhamisi saa tatu asubuhi mkitoka kazini. Chai itakuwepo, na kina mama wamesema watapika mihogo. Msiogope kuonekana, mtaingilia lango la nyuma upande wa shule ya Jumapili.