Kwa Mjapani, Muda ni Upotevu

Leo tuongee kuhusu neno moja tu: muda. Kwetu sisi ni dakika na masaa. Kwa Kijapani neno hilohilo, muda, maana yake ni upotevu, yaani kazi isiyomsaidia mteja kitu. Wallahi sijatunga. Taiichi Ohno, yule injinia wa Toyota, alijenga mfumo mzima wa kiwanda kwa kuuwinda huo upotevu, akauhesabu aina 7. Kungoja imo. Kutembea bure imo. Kutengeneza vitu vingi kuliko vinavyotakikana pia imo.

Sasa utaniuliza, Toyota na Shimanzi wapi na wapi? Ngoja.

Shangazi yangu ana kibanda cha chakula huku kwetu, karibu na magodauni. Wateja wake ni wapakiaji, madereva wa malori, mafundi. Wote wanaingia saa saba, na wote wana saa moja tu. Mwaka huu wakaanza kupungua. Shangazi akapiga hesabu, akaniambia, "Mwanangu, itabidi yule dada wa vyombo nimwachishe." Dada mwenyewe ana watoto wawili.

Nikamwomba wiki moja. Nikakaa pembeni na kalamu na simu, nikihesabu. Mteja alikuwa anangoja kama dakika 17 kabla hajatia tonge mdomoni. Kupakua sahani ni dakika 1! Zingine zilienda wapi? Mtu anaitisha maharagwe, anaambiwa yameisha, anaanza upya. Sahani inakuja, kijiko hakuna. Kubwa kuliko yote: shangazi ndiye anayepakua na ndiye anayesoma meseji za M-Pesa. Kila simu ikilia, mwiko unasimama. Na chapati zote zinapikwa asubuhi, jioni zimekauka, zinatupwa.

Basi tukabadilisha vitu vidogo. Chakula kilichopo kinaandikwa ubaoni mlangoni. Vijiko na maji viko mezani. Chapati nusu asubuhi, zingine zinapikwa kulingana na watu. Tukaongeza sahani kumi, ili saa saba vyombo vingoje na yule dada ashike malipo. Sai mteja anangoja kama dakika 8. Hatujatajirika, lakini watu wamerudi kidogo kidogo, na dada bado yuko kazini.

Hapo ndipo ninapogombana na mabosi wengi. Wakisikia "punguza upotevu", kitu cha kwanza wanapunguza watu. Halafu waliobaki wanakimbia mara mbili, na foleni iko palepale! Toyota wenyewe walipoandika misingi yao 2001, nguzo zilikuwa mbili: kuboresha kila siku, na kuheshimu watu. Wetu wameshika moja, tena nusu.

Hata Huduma Centre, zilipoanza 2013, wazo lilikuwa hilo: badala ya wewe kuzunguka ofisi tano, huduma zije chini ya paa moja. Aliyepunguziwa ni mwananchi, alipunguziwa kuzunguka.

Kwa hivyo kabla hujamfuta mtu, kaa pembeni siku moja uhesabu. Mara nyingi anayechelewesha kazi si yule wa chini. Kwetu alikuwa ni shangazi mwenyewe, na kumwambia hivyo, jamani, ilinichukua siku tatu.

Wewe je, kazini kwenu watu wanangoja nini?