Piki au vidole? Mwacheni mpiga besi achague

Wasee wa besi, tuongee. Ukipita Jumamosi jioni karibu na makanisa mengi ya Kayole, Umoja au Dandora, utasikia bendi ikifanya mazoezi ya ibada ya kesho. Kaa kidogo na utasikia pia ubishi ambao hauishi. Kijana anatoa piki mfukoni (si pikipiki, ni kile kipande kidogo cha plastiki cha kugongea nyuzi), na kabla hajapiga hata noti moja anaambiwa airudishe. Besi ni ya vidole, ati piki ni ya wale hawajui.

Hiyo ni porojo, na inatupotezea wapiga besi.

Angalia hali ilivyo mtaani. Vijana wengi wa Eastlands hawana gitaa la besi nyumbani. Lililopo ni la kanisa au la bendi, na unalipata saa moja au mbili kwa wiki, ukibahatika. Wengi huanza na gitaa la kawaida, mkono ukiwa tayari umezoea piki, wakati mwingine ile waliyojikatia kutoka kadi kuukuu ya plastiki. Ukimpokonya mtu kama huyo piki siku ya kwanza, umemrudisha nasari. Wiki mbili tatu, haji tena. Halafu tunalia kwamba mpiga besi ni mmoja na makanisa manne yanamng'ang'ania.

Historia nayo haimuungi mkono anayekataza. Carol Kaye alikuwa mpiga gitaa wa studio jijini Los Angeles. Mwaka 1963 mpiga besi alikosa kufika kazini, yeye akashika besi, na hakuiacha. Alipiga kwa piki, na besi yake imo kwenye albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys ya 1966. Kule Detroit, James Jamerson alibeba nyimbo za Motown kwa kidole kimoja tu cha shahada. Walimu wengi wa leo wangemwambia naye anakosea, kwa sababu "sheria" ni vidole viwili. Anthony Jackson alitumia piki kwenye For the Love of Money ya O'Jays ya 1973, na kwingine akapiga kwa vidole.

Hata hapa kwetu mkono haukuwa na sheria moja. George Mukabi, gwiji wa omutibo kutoka Magharibi mwa Kenya aliyefariki 1963, alipiga nyuzi nene kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikichezea sauti za juu. Besi na melodi kwenye gitaa moja, bila piki, na bila hiyo mbinu ya vidole viwili tunayoitetea kama amri ya mbinguni.

Swali la maana ni ngoma inataka nini na itasikika wapi. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko chini. Unachosikia kwenye simu ni ule mguso wa kwanza wa uzi na sauti za juu zinazoandamana nao, na piki ndiyo inayoutoa mguso huo waziwazi. Ndiyo maana piki hufaa ngoma ya kasi, au mkutano wa hema wenye spika ndogo zilizochoka. Lakini panda mathree yenye sabufa nzito na mambo yanageuka. Pale vidole vinatoa ule mlio mnene, wa duara, unaokupiga kifuani. Regge ya taratibu au wimbo wa kuabudu mara nyingi hutaka huo.

Wewe wa piki, usijifiche nyuma ya makala hii. Jifunze vidole pia. Tenga dakika kumi za kila zoezi, shahada na cha kati vikipokezana polepole, malengelenge yakija yaje. Bendi ikikuita upige taratibu usiwe na sauti moja tu. Nawe wa vidole, jaribu piki huku kiganja kimelala kidogo juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa. Utapata mlio mkavu, mfupi, ambao vidole vyako huenda havijawahi kukupa.

Na nyinyi viongozi wa bendi na kwaya, mnaoshika ufunguo wa kabati la vyombo: mtu akija kujaribiwa, fumbeni macho msikilize. Je, anashikana na ngoma za dramu? Anajua kunyamaza mwimbaji anapoimba? Akipita hapo, mpeni besi, na muda wa kutosha wa kuipiga. Piki yake muiache mkononi.